Mbwa Aliyekuwa Akitusindikiza

Shangazi yangu anaishi upande wa Zinga, mbali kidogo na barabara kubwa ya Bagamoyo, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa bati upande wa mbele na makuti upande wa jikoni. Ukitoka kwake unafuata kinjia cha mchanga mweupe. Kinapita pembeni ya shamba lake la mahindi na mihogo, kinavuka kidaraja cha magogo ya mnazi, kinapita kisima cha zamani ambacho hakuna anayechota tena, halafu kinakwenda kutokea kwenye nguzo za umeme na barabara. Huko kwao mgeni haachwi aondoke peke yake. Akisema "naomba ruhusa," mwenyeji anainuka, anajitanda khanga, anatoka naye. Wakiwa njiani wanaongea yale ambayo ndani hayakusemeka, na mara nyingi jambo lenyewe lililomleta mgeni hutajwa pale, kati ya kisima na barabara, kana kwamba limekumbukwa tu.

Magoti yalipoanza kumsumbua, shangazi akawa anatusindikiza hadi mwisho wa uwanja. Kipande kilichobaki kilichukuliwa na mbwa.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa jike, rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Shangazi alimpata angali mdogo kwenye mashamba ya chumvi, akamleta kwa ajili ya ngedere waliokuwa wakimmalizia mahindi. Hakumpa jina. Alimwita "We!" na ilitosha, maana pale uwanjani hapakuwa na mwingine wa kuitwa hivyo.

Shangazi ni mtu wa sala tano, na yeye na mbwa walikuwa na mpaka ambao hakuna aliyeuchora. Mbwa hakukanyaga kizingiti. Alikuwa na sufuria yake iliyotoboka mkono, na mahali pake pa kulala chini ya upenu, karibu na mtungi wa nje. Shangazi hakumgusa hata siku moja. Pua ya mbwa ikigusa pindo la khanga, shangazi alikwenda kulifua kwa maji na udongo, bila kununa, kama mtu anayeosha vyombo. "Simchukii," aliniambia. "Kila mmoja na mahali pake." Wakaishi hivyo miaka, kila mmoja akimtazama mwenzake kutoka upande wake. Nafikiri ndiyo sababu alimjua vizuri. Asiyegusa hubakiwa na macho na masikio.

Mimi nilikuwa nakwenda kila Jumamosi. Nikiaga, mbwa alijinyoosha, miguu ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, kisha akatangulia. Hakuwa mbwa wa kuruka-ruka. Alitembea mbele kidogo, akigeuka kuangalia kama nafuata, na tulipofika barabarani alikaa chini ya nguzo ya umeme mpaka nipate gari. Nikiwa ndani ya gari nilimwona akiinuka na kurudi zake, mkia chini, kama mtu aliyemaliza kazi.

Siku ya kwanza alipoishia kisimani sikuitilia maanani. Jua lilikuwa kali, mchanga ulikuwa unaunguza, hata mimi ningependa kuishia pale. Alikaa kwenye kivuli cha ukingo wa kisima, ulimi nje, akanitazama nikienda. Nikamwambia, "Haya, ahsante," kama ninavyomwambia mtu.

Wiki zilizofuata aliishia pale pale. Halafu akaanza kuishia darajani. Asubuhi moja nilifika mapema, kabla watu hawajavuruga njia, na mchanga ulikuwa bado umehifadhi habari zote za jana. Palikuwa na nyayo za mgeni, mwanamke, viatu vya kisigino kifupi. Palikuwa na nyayo za mbwa mbele yake. Hazikufika hata darajani. Pembeni ya mihogo palikuwa na alama ya duara, kama bakuli lililobonyezwa mchangani, mahali alipokaa. Kutoka pale nyayo zilirudi nyumbani, karibu karibu, za kukokota. Nilisimama juu ya lile duara muda mrefu. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mikokoni na kila kitu kilikuwa kimya, na niliona wazi kabisa kwamba njia ya yule mbwa ilikuwa inafupika, na kwamba imekuwa ikifupika kwa muda wote ambao mimi nilikuwa nikiitazama.

Kikohozi kilikuja wakati huo, au kilikuwepo tukawa hatukisikii. Hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa kikavu, kidogo, mara mbili tatu, hasa akiinuka kutoka usingizini au akirudi kutoka shambani. Kilifanana sana na kile ambacho mtu mwenye adabu hukohoa nje ya mlango ili wenyewe wajue amefika.

"Anapiga hodi," shangazi alisema akicheka. "Karibu!" Mbwa akamtazama, akakohoa tena.

Halafu akaacha kucheka na kuamua kuwa ni mwiba wa samaki. Pwani yetu, kikohozi chochote cha mnyama anayelishwa vichwa vya samaki ni mwiba mpaka ithibitike vinginevyo, na dawa ya mwiba inajulikana. Shangazi alisonga ugali mgumu, akaufinyanga matonge makubwa, akawa anamrushia moja baada ya jingine, ili yausukume mwiba uende chini. Mbwa alikula machache. Mengine aliyanusa akayaacha. Kuku wakaja kuyamaliza huku yeye akiwatazama tu, na shangazi akasimama na tonge mkononi, amesahau kulirusha. Yule mbwa hakuwahi kumwachia kuku kitu.

Jirani wa shangazi ni mtu wa bara aliyekuja huku zamani kufundisha, akastaafu, akabaki analima mananasi upande wa pili wa ua. Wanataniana tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyeliona tumbo.

"Shikamoo mama. Hongera!"

"Marahaba. Hongera ya nini?"

"Si mwanao huyo? Tazama tumbo. Mimi nataka wawili, dume na jike. Nisije nikasikia umempa mtu mwingine."

"Mwanangu mimi? Nani atapokea posa yako, wewe uliyeshindwa kulea hata paka?"

"Paka alikimbilia kwako, mama. Kwako kuna samaki."

Tumbo lilikuwa limetoka kweli. Lilining'inia pande zote mbili, la mviringo, na mbwa alipotembea liliyumba. Habari ikaenda kwa kasi, maana yule mbwa alikuwa na sifa. Hakuna shamba lililolindwa mchana kama la shangazi, na kila aliyekuwa na mahindi alitaka mtoto wake. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kuulizia. Mwanamke mmoja wa mashamba ya chumvi aliacha ujumbe kuwa asisahauliwe. "Hawajazaliwa," shangazi aliniambia, "na wote wameshaposwa."

Siku ile ile nilikaa kwenye kigoda nyuma ya mbwa aliyekuwa amesimama akinywa maji, nikamtazama kwa mgongo. Kutoka pembeni alikuwa mnene. Kutoka nyuma hakuwa mnene hata kidogo. Uti wa mgongo ulijitokeza pingili kwa pingili, mifupa ya nyonga imechongoka, na manyoya yaliyokuwa yaking'aa yalikuwa yamekauka kama nyasi za kiangazi. Nyama yake ilikuwa inakwenda mahali, na haikuwa inakwenda tumboni. Nikainama. Chuchu zilikuwa ndogo, zimelala.

"Shangazi," nilisema, "mimba gani hii?"

 Alikuwa anachambua mchele, vidole vikitembea wenyewe.

"Nimeona," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu mwingine aone."

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Huo ndio wakati wa ngedere. Wanakaa juu ya mikorosho, wanahesabu mashina kwa macho, na wakishuka wanavunja zaidi ya wanavyokula. Mwaka ambao mbwa hakuwepo, shangazi alivuna kikapu. Chakula chake cha miezi mingi kilikuwa kimesimama pale, kijani, kikitikisika kwa upepo wa baharini, na mlinzi wake alikuwa amelala kwenye upenu akihema na mdomo wazi wakati hakuwa amekimbia popote.

Waliposhuka, aliinuka. Sikuwahi kuona mnyama akiinuka kwa shida vile na kukimbia kwa kasi vile. Alipita kati ya mistari ya mahindi, majani yakafunga nyuma yake, ngedere wakapiga kelele na kutawanyika, halafu kukawa kimya ghafla. Nilimfuata. Nilimkuta amelala ubavu kwenye udongo mwekundu, miguu imenyooka, macho yapo wazi lakini hayamtazami mtu. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama nyama ya dafu. Nikadhani amekufa. Mahindi yalisimama juu yetu, mwanga ulikuwa wa kijani kama wa chini ya maji, na nakumbuka mdudu mmoja akipanda shina taratibu, hana habari. Kisha mbavu zikainuka. Mbwa akakohoa, akanyanyua kichwa, akasimama, akajikung'uta udongo na kurudi nyumbani mbele yangu kama vile hakuna kilichotokea.

Jirani alikuwa ameona kupitia kwenye ua. "Alijilaza kidogo," alisema, lakini hakuwa anatania. "Na wiki iliyopita pia alijilaza. Nilifikiri ni uzito wa watoto."

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Bagamoyo mjini na pikipiki yake. Alikuwa binti mdogo, ushungi umefungwa vizuri chini ya kofia ngumu, mkoba umekatiza kifuani. Alimwamkia shangazi, akamwamkia jirani, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za shamba, zote, na ndipo akakaa chini kwenye mchanga akamtazama mbwa bila kumgusa. Nilimpenda kwa hilo. Maswali yake yalikuwa na mpangilio. Anakohoa lini, kabla ya kukimbia au baada? Akilala anahema vipi? Alianza kukonda kabla ya tumbo au baada ya tumbo? Amewahi kuanguka?

Nilimweleza habari ya njia. Barabara, kisima, daraja, mihogo. Nilijisikia mjinga kidogo, kumweleza mtaalamu habari za adabu ya mbwa. Lakini yeye aliacha alichokuwa akikifanya.

"Rudia," alisema. "Ilichukua muda gani kutoka barabarani hadi kisimani?"

"Msimu mzima, labda. Baadaye ikawa haraka."

"Ndivyo inavyokwenda. Watu huniita tumbo likishatoka. Huko nyuma kote huwa wanaona, ila wanasema anazeeka, au ametulia."

"Au ana adabu," shangazi alisema.

"Au ana adabu, bibi."

Akaweka kiganja kimoja ubavu wa kushoto wa tumbo, na kwa vidole vya mkono mwingine akagonga ubavu wa kulia. Akagonga tena. Akamwita jirani aweke mkono pale ulipokuwa wake. Jirani alipiga magoti, akaweka kiganja, na daktari akagonga.

"Unasikia nini, mwalimu?"

"Kama... kama wimbi."

"Hakuna mtoto humu. Ni maji."

Jirani aliondoa mkono polepole. Wa kwanza kuzungumza alikuwa shangazi, akiwa amesimama mahali pake penye mpaka. "Basi kawaambie wenzako," alimwambia jirani. "Posa zote zimerudi." Akajaribu kucheka na kicheko hakikumfikia machoni.

Ilibidi damu itolewe mguuni. Mbwa hakupenda sindano, alijivuta, akaanza kukohoa, na jirani hakuweza kumshika vizuri. Shangazi akasogea mpaka mbwa aweze kumwona uso. "We," alisema. "Tulia." Mbwa akatulia, akamtazama yeye tu, mpaka kichupa kikajaa.

Nilikwenda mjini nyuma ya pikipiki ile. Ofisi ya daktari ni chumba kimoja jirani na soko, chenye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe na feni inayolalamika. Alidondosha tone la damu kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini, akatazama, akarekebisha, akatazama tena kwa muda. Kisha akanipisha kiti.

Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Baadaye pakafunguka mahali peupe, pana, kama uwanda wa maji kupwa wakati jua liko juu, na juu yake vijiduara vya damu vimelala maelfu, vimetulia. Katikati yao palikuwa na nyuzi. Zilikuwa nyembamba mno, na zilikuwa hai. Zilijikunja na kujikunjua pale pale zilipo, bila kwenda popote, na vijiduara vya damu vilipisha na kurudi, vilipisha na kurudi. Sikuwahi kuona kitu chepesi hivyo. Nje kulikuwa na mtu anauza embe kwa kipaza sauti. Nilisahau kwa muda kwamba nilichokuwa nakitazama ni ugonjwa.

"Hao ni watoto," daktari alisema. "Wazazi wako moyoni, na kwenye mishipa inayokwenda mapafuni. Wakubwa, warefu kama tambi. Ndio wanaoziba njia. Moyo unasukuma, damu haipiti vizuri, maji yanabaki nyuma na kujaa tumboni. Ndiyo maana ya kikohozi, ndiyo maana ya kuchoka, ndiyo maana ya kuanguka."

"Wameingiaje?"

"Mbu."

Alasiri tulirudi pamoja Zinga, yeye na dawa zake. Shangazi alisikiliza akiwa ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Alikubali kuhusu moyo, alikubali kuhusu maji. Neno lililomsimamisha ni mbu.

"Mbu anampa mbwa minyoo?"

"Ndiyo, bibi. Anamnyonya mbwa mgonjwa, anachukua hao watoto, anakwenda kumpa mwingine. Hawa ni ndugu wa minyoo wanaoleta matende kwa watu. Si wale wale. Wa huyu hukaa kwa mbwa, wewe usiogope. Lakini ni ukoo mmoja."

Shangazi aliweka tasbihi chini. Wote tuliokulia pwani hii tumemeza vidonge vya matende, tumesimama foleni na kikombe cha maji mkononi, tumevimeza mbele ya mgawaji ili ahakikishe. Lakini yeye alikuwa na zaidi ya vidonge. Mama yake, bibi yangu, alikuwa na mguu ule. Mimi niliukuta akiwa mzee, umefunikwa khanga, na nilidhani watu wakizeeka mguu mmoja hukua.

"Mama alianza na uchovu," shangazi alisema, si kwetu hasa. "Homa kidogo inakuja inaondoka. Tukasema kazi za shamba. Halafu mguu ukavimba, tukasema amekanyaga kitu. Tulikuwa na jina la kila kitu."  Jua lilikuwa limeshuka usawa wa mihogo na mbu wa kwanza walikuwa wameanza kuimba juu ya vifuu vya nazi vilivyorundikwa karibu na mtungi, vyote vikiwa na maji ya mvua, pale pale mbwa alipokuwa akilala miaka yote huku sisi tukiingia ndani ya chandarua. Shangazi aliinuka, akashika goti, akaenda akaanza kuvifunika vile vifuu, kimoja kimoja, mdomo chini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Tulimtazama mpaka alipomaliza.

"Haya, mjukuu wangu," alimwambia daktari. "Nifanye nini na nini nisifanye?"

Kulikuwa na vidonge vya asubuhi na jioni vya kuwadhoofisha wale wakubwa, vidonge vingine vya kumpunguza maji, na dawa ya kila mwezi ya kuzuia wapya, ambayo jirani naye aliambiwa ampe mbwa wake mzee wa kulinda mananasi kabla hajasikia kikohozi, baada ya damu yake kupimwa. Daktari alituonya tusimpe mbwa dawa za watu, wala ile sindano ya ng'ombe inayouzwa madukani. Minyoo wakifa wengi kwa pamoja, alisema, mbwa naye huenda nao. Hayo yote shangazi aliyashika haraka. Lililobaki ndilo lilikuwa gumu.

"Asikimbie," daktari alisema. "Hata kidogo, kwa miezi. Minyoo wakifa polepole hukatika vipande, na vipande vinakwenda mapafuni. Akiwa ametulia, mwili unaviyeyusha. Akikimbia siku hiyo, anaweza kudondoka asiamke. Na hata akitulia siwezi kukuahidi, bibi. Moyo wake umeshachoka. Lakini asipotulia, naweza kukuahidi."

Shangazi alitazama mahindi yake. Sisi wote tuliyatazama.

"Mfunge," alimwambia jirani. "Nyuma, upande wa jikoni. Mahali asipoona shamba."

Kamba iligeuka kuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa wageni. Mbwa alikuwa ameacha kuhangaikia ngedere asiowaona, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na sentensi moja aliijua kuliko zote. Mtu akisema "naomba ruhusa" barazani, kule nyuma kamba ilikazika. Aliinuka, akajivuta, akakohoa, akajivuta tena, apate kutimiza wajibu wake, mpaka ulimi ukawa na rangi mbaya. Nilipoaga Jumamosi ya kwanza nilimsikia hadi darajani. Sikuweza kuendelea. Nilirudi nikakaa naye mpaka pumzi yake ilipotulia, halafu nikatoroka akiwa amelala.

Shangazi akatoa amri ambayo sidhani kama imewahi kutolewa kwenye nyumba yoyote ya pwani. Mgeni akifika, kabla hajakaa, aliambiwa: "Ukitaka kuondoka, ondoka tu. Usiniage."

Watu walishtuka. Kuondoka bila kuaga, huku kwetu, ni kama kutema mate mlangoni. Mke wa imamu alikuja kualika harusi, akaelezwa sababu, akasema "Kwa ajili ya mbwa?" na shangazi akajibu "Kwa ajili ya moyo." Yule mama akavuta kikombe chake. Alipomaliza chai yake alianza kuzungumza habari za pilau ya harusini, na katikati ya habari akainuka, viatu mkononi, akaendelea kuongea huku akirudi kinyumenyume, sauti yake ikipungua, mpaka ikawa anaongea peke yake kwenye mihogo. Shangazi aliziba mdomo kwa khanga. Kule nyuma hapakusikika kitu. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi. Unamgeukia mwenzako umwambie jambo na unakuta kigoda kitupu. Jirani aliipenda kupita kiasi, alitoweka hata kabla ya kumaliza utani wake, akaupigia kelele kutoka upande wake wa ua.

Kwa muda baraza lile likawa kama la ndotoni, watu wanakuwepo na hawapo, wala hakuna aliyechukia.

Tumbo lilipungua. Kikohozi kilibaki, ila kilisikika asubuhi tu. Daktari alikuja, akasikiliza moyo kwa muda mrefu, akasema "tuendelee."

Ngedere nao walikuwa wameshaelewa. Jirani aliniambia kwa simu katikati ya wiki kwamba wameshuka mara mbili na kwamba shangazi yangu ni mkaidi, amekataa mbwa wa kuazima, anasema mbwa mwingine akibweka shambani huyu atakata kamba kwenda kusaidia. Nilimuuliza sasa anafanyaje. Akacheka, akasema nije nione.

Jumamosi nilipofika kwenye kidaraja nilisikia kubweka kutoka kwenye mahindi. Nilikimbia. Nilijua kamba imekatika, na nilikuwa tayari nimeona akilini ule mwanga wa kijani na miguu iliyonyooka. Nikaingia kati ya mistari, majani yakinipiga usoni, nikamkuta shangazi. Alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, khanga moja kiunoni, moja kichwani, debe mkono mmoja na fimbo mkono mwingine, na alikuwa anabweka. Alibweka kwa kifua, kichwa juu, mara tatu, akapumzika, akabweka tena. Juu ya mkorosho ngedere walikuwa wamekaa safu moja wakimtazama, hawajui la kufanya.

"Mama," sauti ya jirani ilitoka nyuma ya ua, "ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili imetetemeka."

"Nyamaza wewe! Watajua."

"Shikamoo shangazi," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Usisimame hapo, nenda nyuma kaniangalizie mbwa."

Nilizunguka nyumba. Mbwa alikuwa amelala kwenye kivuli cha makuti, kidevu juu ya miguu ya mbele, kamba imelegea pembeni yake. Nilichuchumaa mbali kidogo. Mbavu zilipanda taratibu na kushuka taratibu. Kutoka shambani kukasikika kubweka tena, kwa hasira ya kweli sasa, debe likifuatia, na matawi ya mkorosho yakavunjika kwa kishindo cha wengi wanaokimbia. Lile sikio lililosimama liligeukia upande ule. Mbwa alisikiliza. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga.

"Ameinuka?" shangazi aliuliza kwa sauti kutoka kwenye mahindi.

"Hajainuka."

"Anafanya nini?"

"Anakusikiliza."

Debe likasikika likiwekwa chini, kama la mtu anayejifuta jasho.

"Basi," alisema, na akabweka tena.